Barabara ya Mita Kumi na Kaburi la Baba

Buhongwa,
Mwanza.
9 Agosti, 1997

Mpendwa mdogo wangu Malimi,

Marahaba. Najua ukiona mwandiko wangu utaniamkia, kwa hiyo nimeitikia mapema nisije nikasahau. Hujambo wewe? Shemeji Odeta hajambo? Watoto, wajukuu, ng'ombe, na yule mbwa wako mwenye sikio moja, wote wazima? Mgongo wako unaendeleaje? Barua yako ya mwisho ilisema siku hizi unainuka kitini kwa awamu, kama serikali. Natumaini awamu ya tatu inakufikisha wima.

Sisi huku Usukumani tupo. Mimi nimebakiwa na meno manne, mawili juu na mawili chini, na kwa bahati mbaya hayakutani. Selina wangu ni mzima, ananigombeza asubuhi kabla ya uji na jioni baada ya ugali, kwa hiyo afya yake haina shaka. Shangazi Ng'washi bado yu hai. Macho yameingia ukungu, anakutambua kwa sauti, lakini ulimi wake umebaki na umri wa miaka ishirini.

Pamba mwaka huu tumeuza kwa watu binafsi. Wanunuzi wamekuwa wengi, kila mmoja na mzani wake na uongo wake. Sangara wa ziwani anapanda ndege kwenda Ulaya akiwa minofu, sisi tunabaki na mapanki, yaani kichwa, mgongo na mkia. Nimezoea. Ukiyakaanga vizuri na ukafumba macho, unakula samaki mzima.

Barua hii nimeianza juzi. Nakaa, naandika mistari mitatu, nainuka, nakwenda kuzunguka uwanja, narudi. Selina ananiuliza nimekaliwa na siafu? Usishangae basi ukiona habari zinarukaruka. Ni miguu yangu, si akili.

Sasa kaa chini. Mji umetufikia, Malimi. Hatukuuendea, umekuja wenyewe kwa barabara ya Shinyanga. Mwezi wa nne walikuja vijana na darubini ya miguu mitatu na mnyororo mrefu, wakaanza kupima. Wanapiga kigingi, wanamwaga zege, wanachomeka chuma katikati, wanaita bikoni. Mbuzi wangu mmoja nilimfunga kwenye bikoni siku nzima kwa sababu ilikuwa imara kuliko kigingi changu. Wakaniambia hilo ni kosa. Nikawauliza, kosa la mbuzi au la kwangu?

Ramani yao nimeiona, ilibandikwa ofisi ya kata. Buhongwa yote imekatwa vipande kama sabuni ya mche. Hapa viwanja, hapa soko, hapa shule, hapa patakuwa wazi watoto wacheze. Sisi huku upande wa jiwe kubwa tumeandikwa makazi ya msongamano mdogo. Nilicheka mpaka karani akanitazama. Nyumbani kwangu tunalala watu kumi na wanne, na kuku chini ya kitanda, eti msongamano mdogo! Na ng'ombe hawamo kwenye ramani kabisa. Nimetafuta zizi kwa kidole, sikuliona. Karani akaniambia, "Mzee, zizi haliruhusiwi mjini." Nikamwambia mimi sijahamia mjini, kijana, nimekaa tu.

Na kabla ya hapo, nikukirie jambo ambalo sikukuandikia. Mwaka juzi, uvumi wa kupimwa ulipoanza, watu walianza kuuza maeneo mbiombio, wakiogopa serikali itayachukua bure. Na mimi nikaogopa pamoja nao. Nikauza kile kipande cha upande wa mashariki, kuanzia jiwe kubwa kuja huku, nikapata bati za nyumba. Aliyenunua ni Mhaya mmoja anaitwa Kashaija, alikuwa mwalimu, amestaafu. Mtu mpole, ana miwani, anaongea Kiswahili kama anasoma taarifa ya habari. Sikukuuliza kwa sababu barua kufika Usangu ni mwezi mzima na uoga wangu ulikuwa na haraka. Unaweza kunitukana hapo hapo ulipo, mimi nitasikia.

Nimerudi. Nilikwenda kuangalia tu.

Basi, ramani hiyo hiyo inaonyesha barabara ya mtaa, mita kumi upana, imenyooka kama rula kutoka lami kuja bondeni. Nami nikaifuata kwa kidole. Inapita kwa Chenge fundi baiskeli, inapita kwenye mihogo yetu, halafu inaingia mlango wangu wa mbele, inapita sebuleni, inatokea jikoni kwa Selina bila hata kupiga hodi.

Afisa wa ardhi anaitwa Nestory, kijana mdogo, mstaarabu, shikamoo zake hazina mkato. Alikuja nyumbani na karatasi zake, akasema atanipatia kiwanja kingine huko nyuma ya kilima, ila nyumba itavunjwa. Nilimsihi, nikamtania, nikamkaribisha maziwa ya mgando. Akanywa yote. Akasema, "Mzee Mihayo, mimi kupindisha barabara kwa ajili ya nyumba siwezi, maana kila mtu ana nyumba. Labda kungekuwa na kaburi la wazee. Hapo tungetafuta namna."

Malimi, mdomo wangu ulijibu kabla sijaushauri. Nikasema, "Lipo."

"La nani?"

"La baba yetu, mwenye kaya hii. Sisi Wasukuma tunamzika mwenye kaya ndani ya zizi lake."

"Liko wapi?"

Nikanyoosha fimbo, nikaonyesha nyuma ya jiko. Kwa nini pale? Kwa sababu kama baba amelala pale, barabara lazima ipinde kabla ya kufika mlangoni. Selina alikuwa amesimama na sufuria. Alinitazama vile anavyomtazama kuku aliyeingia ndani.

Yule kijana akaandika. Lakini wao hawaamini fimbo peke yake. Akasema siku ya Alhamisi atarudi na mwenyekiti, na mzee wa ukoo asimame juu ya kaburi ashuhudie, kisha tulijengee saruji lionekane. Na barabara ikipinda itamega mbele ya kiwanja cha Kashaija, kwa hiyo naye lazima akubali. Tukaenda kwake. Nilitegemea ugomvi, nilikuwa hata nimeandaa matusi mawili matatu. Kashaija akavua miwani, akaifuta, akasema, "Kwa kaburi sina neno. Megeni." Hivyo tu. Nilirudi nyumbani na matusi yangu yote, hayana kazi.

Tangu siku hiyo ndiyo nimeanza kuzunguka. Maana usiniulize mimi baba yuko wapi hasa. Ninyi mlimzika mwaka sitini na tisa, mkawapitisha ng'ombe juu kama desturi mpaka ardhi ikawa sawa, haina alama. Mwaka sabini na nne Operesheni Vijiji ikatuhamisha, sote tukapangwa mstari mmoja kule barabarani kama watoto wa shule. Uzio wa minyaa ulikatwa, zizi likaota mbigiri. Wewe ukaondoka na ng'ombe kwenda Usangu. Miaka kumi baadaye narudi hapa, naona pori. Nikapiga zizi langu pale nilipoona panafaa, nikajiambia, hapa hapa ndipo. Na kila mavuno nimemwaga pombe pale, nimemwambia baba habari zote, mpaka za majirani. Kumbe labda nilikuwa nawasimulia mchwa.

Wewe ndiye uliyeshika jembe siku ile. Mimi sikuwepo.

Sasa nikueleze na hilo, kwa kuwa nimekwisha kaa uchi nusu. Niliwaambia ujumbe ulichelewa kunifikia. Haukuchelewa. Ulinikuta Usagara kwenye mashindano ya ngoma, siku ya pili, na mimi ndiye niliyekuwa mbele. Kijana akaniambia, "Mzee amezidiwa, rudi." Lakini unamjua baba. Mara mbili alikwisha tuita tukamzike, tukafika mbio tumebeba na maturubai, tukamkuta anakula kuku. Nikasema huyu mzee ananitania tena, ngoja nimalize nishinde kwanza. Nikashinda. Nikapewa ndama. Nimefika naye nyumbani, naswaga ndama kwa furaha, nakuta mmenyoa vichwa. Ndiyo maana sijui zizi la mwisho lilikuwa wapi, Malimi. Miaka ishirini na minane nimesema ujumbe ulichelewa.

Haya, tuendelee, nisije nikainuka tena.

Mzee wa ukoo aliyebaki ni Shangazi Ng'washi peke yake. Jumanne nikamwendea, nimembebea sukari na majani ya chai, nikamweleza kwa utamu. Shangazi, nikamwambia, siku ya Alhamisi tutakushika mkono, tutakusimamisha nyuma ya jiko, wewe sema tu, "Kaka yangu yuko hapa." Maneno manne.

Akanywa chai yake yote kwanza. Halafu akasema, "Wewe Mihayo, nani alikuambia kaka yangu yuko jikoni kwa mkeo?"

"Shangazi, ni kwa ajili ya nyumba."

"Nyumba ni yako. Kaka ni wangu. Nipeleke kwenye jiwe."

Hukumbuki jiwe? Lile kubwa lenye ufa katikati, tulilokuwa tunateleza juu yake mpaka tukamaliza kaptula. Operesheni ilihamisha kila kitu, jiwe haikuliweza. Nikamshika mkono, Selina upande wa pili. Akapapasa mpaka akapata ufa, akaegemeza mgongo wake hapo. Akasema lango la zizi lilikuwa linatazamana na ufa huu, hatua thelathini. Ukiingia langoni, kulia kwako, hatua tano, kichwa kimeelekea mashariki. Akaanza kutembea, anahesabu kwa Kisukuma. Mimi nilijua tunakokwenda kabla hatujafika, nikaanza kuburuta miguu. Akanifinya.

Malimi, tuliingia kwa Kashaija. Tuliruka mfereji wa msingi wake, tukapita juu ya tofali zake, na shangazi akasimama katikati ya chumba ambacho hakijapata sakafu. Mafundi walikuwa wameshamwaga kifusi, saruji imepangwa pembeni, sakafu ingemwagwa Ijumaa. Shangazi akakaa chini, akaweka kiganja kwenye vumbi. Akasema, "Mbona mnampigia kelele?"

Mafundi wakaacha kazi. Kashaija akatoka kibandani kwake, akauliza bibi anaumwa? Kila mtu akanitazama mimi, kama vile mimi ndiye mwenye kinywa hapa. Nikamweleza.

Kashaija akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mzee Mihayo. Yaani umeniuzia na baba yako?"

Nikasema, "Mwalimu, nilikutilia nyongeza."

Hakucheka. Nami nilipolisikia likitoka mdomoni nikatamani nilirudishe. Akasema kwao Bukoba wazee wanalazwa kwenye migomba nyuma ya nyumba, na kibanja, yaani shamba la nyumbani, chenye wazee hakiuzwi, hata njaa ikutoe macho. Akasema, "Ungeniambia, nisingenunua. Hii ilikuwa iwe sebule. Ningeweka meza hapa, wajukuu wangu wangecheza hapa." Kisha akawaambia mafundi wafunge kazi waende nyumbani. Hakunipigia kelele hata kidogo. Afadhali angenipiga.

Sasa unaona nilipofika. Nikisema baba yuko kwa Kashaija, barabara haina sababu ya kupinda, inanyooka, inapita na nyumba yangu. Nikisema yuko nyuma ya jiko, nyumba inabaki na baba anapata sakafu ya saruji usoni. Shangazi alisema yeye hatatamka neno, atakaa nyumbani, mimi niseme nitakalo mbele ya watu. Hiyo ndiyo adhabu aliyochagua, unamjua.

Jumatano sikula. Nilizunguka kutoka jikoni mpaka kwenye jiwe, kutoka kwenye jiwe mpaka jikoni. Chenge akaniuliza nimepoteza nini, nikamwambia saa. Saa gani, wakati sijawahi kuvaa saa! Mwishowe Selina akanikalisha kwenye kigoda. Akasema, "Baba Queen, mwambie kijana wa watu ukweli. Halafu uniambie mimi nitapikia wapi." Kisha akaenda kusuka mkeka, akanipa mgongo. Miaka thelathini na mitano tumeoana, sijawahi kumwona anasuka mkeka taratibu namna ile.

Alhamisi wakaja. Nestory, mwenyekiti, Kashaija na miwani yake. Nestory akauliza, "Mzee wa ukoo yuko wapi?" Nikasema ni mimi. "Kaburi?" Nikawapita jikoni bila kusimama, nikawapeleka mpaka kwenye kile chumba. Nikasema, "Baba yetu yuko hapa. Kule nilikuonyesha uongo kwa sababu naipenda nyumba yangu."

Kijana akashusha pumzi. Akasema, "Mzee, umeniharibia karatasi tatu." Akatoa penseli na ufutio, akafuta ile kona aliyokwisha kuichora, akaweka rula, akapiga mstari. Barabara ikanyooka palepale, haikuchukua hata muda wa kuvuta kiko. Mchana wakaja na rangi nyekundu, wakaniwekea alama ya X ya kuvunja ukutani, kubwa, na matone yakateremka mpaka kwenye benchi. Wajukuu wanaipenda. Wanasema nyumba yetu imesahihishwa, imekosa.

Kashaija na mimi tumebadilishana mbele ya mwenyekiti. Yeye anachukua kile kiwanja cha nyuma ya kilima nilichopewa kwa ajili ya nyumba, mimi narudishiwa kipande nilichomuuzia, pamoja na msingi wake. Nilimwambia tofali zake achukue. Akasema atachukua za juu, za msingi atamwachia mzee. Jumapili alikuja na chupa ya rubisi, pombe ya ndizi ya kwao, akaniambia nimmwagie baba kidogo, ajue kuwa mgeni hakuwa na nia mbaya. Mhaya huyu, Malimi, atanifanya niwe mtu mzuri uzeeni, na sina mazoea.

Kwa hiyo mambo yamesimama hivi. Mwisho wa mwezi wa tisa nyumba inashuka. Nitaezua bati mwenyewe kabla hawajaja. Kiwanja hiki nilichorudishiwa kina masharti, barua ya ofa imeandikwa lazima nyumba ya kudumu isimame ndani ya miezi thelathini na sita, la sivyo wanampa mtu mwingine. Nitajenga pembeni, vyumba viwili kwa kuanzia, katikati nitapaacha wazi. Ng'ombe tisa waliobaki nimempelekea shemeji yetu Ngosha kule Misungwi. Zizi ni marufuku, lakini ramani haijasema lolote kuhusu mzee kulala pale lilipokuwa zizi.

Lakini hapa ndipo miguu inanikataa kutulia, na ndiyo sababu ya kukuandikia. Shangazi alihesabu hatua thelathini na tano. Hatua za leo, Malimi. Hatua za bibi wa miaka themanini, anayetembea kama anavuka maji ya baridi. Mwaka sitini na tisa alikuwa na mguu mrefu kuliko wako. Nimepima mwenyewe kutoka kwenye ufa kwa miguu yangu, nimefika nje ya msingi. Nimepima tena, nimefika kwenye mfereji. Sijamwambia mtu yeyote, hata Selina. Mimi ndiye niliyeacha nyumba ikapakwa rangi kwa sababu ya hatua hizo.

Wewe ulishika jembe. Uza mbuzi mmoja, upande basi, njoo kabla mwezi wa tisa haujaisha. Mgongo utavumilia. Utashuka Buhongwa barabarani, uliza kwa mzee mwenye nyumba iliyokosa, watoto wote watakuleta.

Nisalimie sana shemeji Odeta, mwambie meno yangu manne yanamtamani kwa ugali wake. Wasalimie watoto na wajukuu wote mmoja mmoja kwa majina, hata wale nisiowajua. Selina, Queen na mumewe Elias, na Shangazi Ng'washi wanakusalimu. Shangazi anasema uje na ugoro wa Usangu, wa huku umechanganywa na majivu tangu biashara iwe huria. Mungu akulinde njiani, na wazee wakufungulie.

Ukifika, nitakupeleka peke yetu mimi na wewe. Utasimama pale kwenye chumba kisicho na paa, utaangalia jiwe, utaangalia ardhi, utafikiri kadiri upendavyo. Kama ni hapo alipolala, niambie. Na kama si hapo, ndugu yangu, tafadhali simama pale pale, piga mguu chini, Selina asikie, useme ni hapa.

Ni mimi kaka yako ninayekupenda kuliko ninavyokutania,

Mihayo